Homoni za mimea si mbolea: tuandike kipimo, hatua na kiambato

Mhariri,

Kurasa za kilimo, za gazeti hili zikiwemo, zimezoea kutaja homoni za mimea katika sentensi moja na mbolea, kana kwamba zote ni chakula cha mmea. Ombi langu ni dogo. Kila mnapoandika habari za dawa ya kuotesha mizizi, kurefusha, kuchanua au kuivisha, andikeni jina la kiambato hai, kiasi chake kwa lita na hatua ya mmea inayohusika. Ushauri wa homoni usio na mambo hayo matatu humwacha mkulima akibahatisha, na makosa ya homoni hayarekebishiki kwa maji ya ziada.

Mbolea ni mali ghafi. Mmea huijengea mwili, ndiyo maana tunaihesabu kwa kilo kwa hekta. Homoni ni ujumbe. Mmea huitengeneza wenyewe kwa viwango vidogo mno, ikatoka kwenye ncha, mzizi au mbegu changa, ikaenda kuamuru kazi mahali pengine. Seli isiyo na kipokezi chake, au iliyokwisha kupita umri wa kuitikia, haijibu kitu. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha kuwa ncha ya chipukizi la nyasi ikifunikwa, chipukizi halielekei tena kwenye mwanga, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Kulikuwa na kitu kinachoshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Frits Went alikinasa ndani ya vipande vya agari, jeli itokanayo na mwani, na ndicho tunachokiita oksini.

Nianze na oksini kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwa watu wengi. Kwa vipandikizi vya shina hutumika zaidi asidi ya indoli-butiriki, ambayo kwenye vifungashio huandikwa IBA. Shina changa na laini linatosheka na miligramu 500 hadi 1,500 kwa lita. Shina lililoanza kukomaa linataka 1,000 hadi 3,000, na shina gumu la miti 2,500 hadi 5,000, kwa baadhi ya miti migumu hata zaidi. Unga wa talki hupimwa kwa asilimia: 0.1 ni kwa mashina laini, 0.3 ni kwa ya kati na 0.8 ni kwa magumu. Anayenunua unga bila kuangalia namba hiyo hajui amenunua nini.

Kuandaa maji yake si kazi ngumu, ila ina mtego mmoja. Ukitaka mililita 100 za nguvu ya miligramu 2,000 kwa lita, pima miligramu 200 za IBA safi. Usiitie moja kwa moja kwenye maji, kwani haitayeyuka na kipimo chote kitakuwa cha uongo. Iyeyushe kwanza katika mililita 50 za ethanoli, kisha ongeza maji hadi ufikie 100. Kata kipandikizi chini kidogo ya kifundo kwa kisu kikali, ondoa majani ya chini, chovya kitako sentimita moja au mbili kwa sekunde tano, kiache kikauke dakika chache ndipo ukipande. Mimina dawa ya kutumia kwenye kikombe kidogo, wala usichovye kwenye chupa kuu, maana uchafu na magonjwa ya kipandikizi kimoja yatahamia kwa vyote vinavyofuata. Kilichobaki kikombeni kimwagwe. Ukitumia unga, gonga kipandikizi taratibu ili wa ziada udondoke.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Kipimo kikizidi, kitako huvimba, huwa cheusi na kuoza. Au mizizi hutoka vizuri lakini macho ya juu hayafunguki, kwa kuwa oksini nyingi ndiyo hiyo hiyo inayozuia macho yasichipue. Kipimo kikipungua, kinyama cheupe hujitokeza kwenye jeraha na kusimama hapo bila mizizi. Hata hivyo, vipandikizi vingi havifi kwa kipimo. Vinakufa kwa kukauka majani kabla mizizi haijatoka. Hewa iliyojaa unyevu na udongo wa kitalu wenye joto la nyuzi 21 hadi 25 za Selsiasi vinasaidia kuliko kuongeza dawa. Tena kuna kosa la kupanda kichwa chini. Oksini husafiri kutoka upande wa kilele kwenda upande wa chini, na upande huo wa chini hubaki kuwa wa mizizi hata ukiugeuza. Njia rahisi ya kutokukosea ni kukata juu mraba na chini mshazari wakati uleule wa kuvuna vipandikizi, kabla havijachanganyika.

Sasa mtu akijua kuwa kiuagugu cha 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa, ataelewa kwa nini nasisitiza kipimo. Kiliingia sokoni katikati ya miaka ya 1940, nacho huua magugu ya majani mapana kwa kuyalazimisha kukua ovyo hadi mirija yake ikazibika na kupasuka. Nafaka hunusurika kwa kuwa hukivunja haraka na kukisafirisha kidogo. Kunusurika huko kuna mipaka: mahindi yakipita takriban sentimita 20 kwa urefu na bado ukayapulizia kutoka juu, shina huwa jepesi kuvunjika, majani ya kati hujifunga yasifunguke, na mizizi ya kuegemea huungana. Nyanya, pamba na mizabibu havihitaji kupuliziwa ili viumie. Ukungu unaobebwa na upepo kutoka shamba la jirani unatosha, au mabaki ndani ya bomba la mgongoni. Dalili ni majani mapya membamba yenye mishipa iliyokaa sambamba, na vikonyo vilivyojisokota. Wengi hudhani ni virusi, wakang'oa mimea na kupulizia dawa ya wadudu kwenye mingine.

Kwa hiyo bomba la 2,4-D liwe la 2,4-D tu. Kama haiwezekani, lisuuzwe mara tatu, maji yakipitishwa kwenye mpira na pua kila mara, kisha lilazwe na maji yenye amonia ya kusafishia na kusuuzwa tena. Jamaa nyingine ya oksini hizi, aminopiralidi, ina tabia mbaya zaidi: ng'ombe akila majani yaliyopuliziwa, dawa hutoka kwenye kinyesi ikiwa nzima na kukaa kwenye samadi kwa muda mrefu. Samadi ambayo hujui ng'ombe wake walikula nini, ijaribu kwanza. Changanya sehemu moja ya samadi na moja ya udongo safi katika vyungu vitatu au vinne, jaza vingine udongo mtupu, panda maharage matatu kila chungu, ngoja wiki tatu. Majani ya maharage yakijikunja kwenye vyungu vya samadi na kunyooka kwenye vya udongo, samadi hiyo isiguse bustani ya mboga.

Niseme pia jambo ambalo wauza chupa hawalisemi: sehemu kubwa ya kazi ya homoni shambani hufanywa na mkono wa mkulima bila kununua chochote. Anayekata kilele cha mmea anaondoa chanzo cha oksini inayozuia macho ya pembeni, na ameacha sukari iliyokuwa ikivutwa na kilele iende kwenye macho hayo. Ndiyo maana matawi huchipuka. Anayeinamisha tawi la mti wa matunda likalala karibu na usawa wa ardhi amepunguza ubabe wa kilele bila kukata. Anayeondoa maotea ya nyanya yakiwa na urefu wa vidole viwili au vitatu anaulinda mmea usigawanye nguvu. Akiyaacha yanenepe, jeraha la kuyaondoa huwa mlango wa magonjwa.

Miche iliyorefuka na kupauka kitaluni ni mfano mwingine. Ikibanana, kila mche husoma mwanga uliopita kwenye majani ya jirani, ambao umepungukiwa na nyekundu ya kawaida na kubakiwa na nyekundu ya mbali. Mmea huuchukulia huo kuwa kivuli, hupandisha oksini na jiberelini, homoni ya kurefusha, na shina hurefuka kutafuta anga. Tiba ni nafasi, mwanga na maji machache. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguza umwagiliaji taratibu: mizizi inayoonja ukavu huongeza asidi ya absisi, homoni ya ukame, matundu ya hewa kwenye majani hujifunza kujifunga mapema, na mche huenda shambani ukiwa mgumu. Kuinunulia miche hiyo dawa ya kukuza yenye jiberelini ni kuongeza kilekile kilichoiharibu.

Halafu kuna shamba lililojaa maji, ambalo hudanganya hata macho yaliyozoea. Nyanya zikituamiwa na maji, vikonyo vya majani huinama chini, na mwenye shamba akiona jani limelegea anaongeza maji. Lishike jani kwa vidole. Mmea wenye kiu una jani laini lililokosa uhai. Mmea uliozama una kikonyo kilichoinama lakini jani lenyewe bado limejaa maji na ni imara. Kinachotokea ni hiki: mzizi uliokosa oksijeni hutengeneza kiini cha ethilini (homoni iliyo gesi), kiitwacho ACC, lakini hauwezi kukimalizia kwa kuwa hatua ya mwisho inahitaji oksijeni. Kiini hicho hupanda na maji hadi kwenye majani, hewa ipo, kikageuka ethilini, na ethilini huinamisha kikonyo. Simamisha umwagiliaji, fungua mifereji, vunja tabaka gumu la juu ya udongo. Hakuna cha kupulizia hapo.

Matunda yaliyopinda ni habari ya mbegu. Mbegu changa hutoa oksini inayoamuru nyama ya tunda iliyo karibu nayo ikue. Upande ambao chavua haikufika hauna mbegu, hauna amri, hubaki umesinyaa. Tikiti maji lenye shingo nyembamba na aina za tango zinazohitaji uchavushaji huonyesha hivyo waziwazi. Kwenye nyanya, joto la mchana likizidi takriban nyuzi 32 chavua hupoteza uwezo na maua hudondoka. Zipo oksini za kupulizia maua ili tunda lishike bila chavua, na hushika kweli, ila mara nyingi tunda hutoka na uwazi ndani na huwa jepesi mkononi. Kuwalinda nyuki kwa kutopulizia sumu wakati wa maua kuna faida kubwa zaidi.

Jiberelini nayo ilijulikana kwa njia ya ugonjwa. Kulikuwa na mpunga uliokuwa ukirefuka kupita kiasi, ukipauka, ukianguka na kukosa punje, ugonjwa ambao Wajapani waliuita bakanae. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba majimaji ya kuvu aliyesababisha ugonjwa huo, hata kuvu mwenyewe akiwa ameondolewa, yalitosha kuurefusha mpunga. Miaka ya 1930 dutu hiyo ilitengwa na kupewa jina. Ukitaka kujua kipimo kilichopita kiasi kinafananaje, ni mpunga ule.

Upande wa pili wa hadithi hiyo ulilisha watu wengi. Ngano fupi alizoeneza Norman Borlaug, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, ni fupi kwa sababu jeni zake huufanya mmea usiitikie jiberelini inavyopaswa. Jambo hilo lilithibitishwa kwa undani wa jeni mwaka 1999. Mpunga wa IR8, uliotolewa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga huko Ufilipino mwaka 1966, ni mfupi kwa kutengeneza jiberelini kidogo. Mimea hiyo iliweza kupewa nitrojeni nyingi bila kulala chini, na masuke yakapata kile ambacho zamani kililiwa na shina. Ndiyo maana nashangaa nafaka hizo hizo zinapopigiwa debe la dawa ya kurefusha. Urefu wa mmea si mavuno.

Mahali jiberelini inapofaa panajulikana. Zabibu zisizo na mbegu hupuliziwa ili punje zinenepe na kichala kilegee, kwa kuwa hazina mbegu za kuzitolea homoni. Viazi mviringo vya mbegu ambavyo bado vimelala huamshwa kwa kuchovywa dakika tano hadi kumi katika maji yenye miligramu moja tu ya asidi ya jibereliki kwa lita, kama vimekatwa. Ukiweka kumi ukidhani unaharakisha, utapata machipukizi membamba na dhaifu, na viazi vilivyorefuka umbo. Kinyume chake ni paklobutrazoli, inayozuia mmea usitengeneze jiberelini na hutumika kuchanulisha miembe. Humwagwa kwenye udongo wa shina, na hukaa humo kwa muda mrefu. Anayeirudia kila msimu kwa kipimo kilekile, bila kuhesabu mabaki ya mwaka uliopita, huishia na machipukizi mafupi yaliyobanana ambayo hayabebi.

Sitokinini, homoni inayochochea seli kugawanyika, sitaielezea sana, kwa kuwa kazi yake kubwa ya kibiashara iko maabara. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha kwamba katika tishu iliyooteshwa kwenye chupa, sitokinini ikiizidi oksini hutokea machipukizi, na oksini ikizidi hutokea mizizi. Miche yote ya tishu inategemea uwiano huo. Shambani, mizizi yenye afya inayopata naitrati hutoa sitokinini yake yenyewe na kuyaweka majani yakiwa ya kijani.

Kuivisha matunda ndiko kunakogusa afya ya mlaji, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ndizi, embe, parachichi, papai, nyanya na karakara huendelea kuiva baada ya kuvunwa, na ethilini huanzisha kazi hiyo. Nanasi, chungwa, zabibu, stroberi na tikiti maji hayana tabia hiyo: ethilini inaweza kuliondolea chungwa ukijani wa ganda, lakini haiongezi utamu ndani. Anayevuna nanasi changa akitegemea dawa anauza rangi.

Chumba cha kuivishia ndizi kinahitaji nyuzi 16 hadi 18, unyevu wa hewa wa asilimia 90 hadi 95, na ethilini sehemu 100 kwa milioni kwa saa 24 hadi 48. Matunda yakianza kuiva hutoa kabonidioksaidi, na gesi hiyo ikipita asilimia moja hivi huanza kuizuia ethilini isifanye kazi. Kwa hiyo chumba kifunguliwe na kupigwa hewa angalau mara moja kwa siku. Joto likizidi nyuzi 25, nyama ya ndizi hulainika huku ganda likibaki la kijani, na mwenye mali hulaumu dawa. Ethilini safi huwaka na kulipuka ikifika kama asilimia 2.7 ya hewa. Kiwango cha kuivishia kiko chini sana ya hapo, lakini mtungi unaovuja ndani ya chumba kilichofungwa si jambo la kuchezea, na moto usikaribie. Kwa kiasi kidogo, matunda machache yaliyokwisha kuiva yakiwekwa na mabichi kwenye chombo kilichofunikwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Kalsiamu kabaidi ni habari nyingine kabisa. Ikipata unyevu hutoa asetilini, inayoiga ethilini kwa udhaifu, na kabaidi ya viwandani huja na mabaki ya aseniki na fosforasi. Nchi nyingi zimepiga marufuku kuitumia kuivishia chakula. Tunda lililokomaa halihitaji kabaidi, na tunda changa kabaidi hulibadilisha ganda tu.

Ethefoni, dawa ya maji inayoachia ethilini, je, ni ethilini iliyofungwa ndani ya maji? La, na hapa maelezo mengi hukosea. Ni asidi inayobaki tulivu maji yakiwa machachu, na huanza kuachia ethilini pale uchachu unapopungua, yaani pH ikipanda juu ya 4 au 5, kama ilivyo ndani ya jani. Ukiichanganya na maji ya magadi na kuyaacha hadi jioni, sehemu ya dawa imekwisha kupaa kabla ya kufika shambani. Changanya unayoitumia saa hiyo. Isipokuwa kwenye nanasi, ambako dawa humiminwa kwenye moyo wa mmea ili yote ichanue pamoja, wengine huongeza kusudi urea na chokaa kidogo ili gesi itoke hapohapo. Kazi hiyo ifanyike usiku au alfajiri, mmea uwe umefikia ukubwa. Mmea mdogo utachanua pia, na utazaa nanasi dogo. Mvua ikinyesha muda mfupi baadaye, hesabu kuwa hukufanya kitu.

Ghalani, kumbuka kwamba ethilini haichagui. Ndizi zinazoiva zikikaa na kabichi, tango au maua ya kukata, kabichi huachia majani, tango hugeuka njano, maua hudondosha petali. Karoti hupata uchungu. Tenganisheni vyumba.

Namalizia na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kwa sababu wachache wanalihusisha na homoni. Mbegu yake hukaa udongoni miaka mingi ikisubiri strigolaktoni, dutu ambazo mzizi hutoa ili kuita kuvu rafiki wanaouletea fosforasi, na ambazo tangu 2008 zinajulikana pia kuwa homoni ya kuzuia matawi. Udongo ukikosa fosforasi mzizi hutoa nyingi zaidi, na kiduha huamka kwa wingi zaidi. Kurutubisha udongo kunapunguza mwito wenyewe. Kupanda pamba au soya kwa mzunguko huamsha mbegu za kiduha ambazo hazitapata mzizi wa kunyonya, zikafa. Ethilini nayo huiamsha mbegu hiyo: Marekani waliingiza gesi hiyo udongoni katika kampeni ya kulitokomeza gugu hilo huko Carolina Kaskazini na Kusini.

Kwa msomaji anayeshika chupa mpya isiyoeleza zaidi ya kuwa ni ya kukuza na kuzalisha: tafuta jina la kiambato, asilimia yake, zao, hatua ya zao na idadi ya siku kabla ya kuvuna. Chupa ikiyakosa, irudishe. Ikiwa nayo, piga hesabu. Dawa ya asilimia 4 ya uzito kwa ujazo ina gramu 40 kwa lita, hivyo kupata miligramu 20 kwa lita katika bomba la lita 16 unahitaji miligramu 320, sawa na mililita 8. Kifuniko cha chupa si kipimo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Acha mistari michache bila kupulizia katikati ya shamba, isiwe pembeni, na wakati wa kuvuna upime uzito wa pande zote mbili.

Wako,
Mkufunzi wa kilimo cha mboga na matunda